Sentimita Kumi Juu ya Swichi

Fundi wangu hakuwa mtu wa kupendwa, na sitampamba leo kwa sababu tu hayupo wa kunibishia. Alikuwa mkali, mchoyo wa maneno, mchelewaji wa misiba na harusi, na akila nyumbani kwako hakusifu chakula. Alizaliwa wapi na wa ukoo gani, waulizeni wanaojua. Mimi nilimjua kwa mikono yake na kwa mabomba ya chuma ya kupitishia waya za umeme, ambayo aliyakunja Bariadi nzima mpaka yeye mwenyewe akakunjika.

Nilimfuata nikiwa mtu mzima, na cheti cha umeme cha chuo mkononi. Nilidhani nakwenda kumsaidia. Siku ya kwanza alinitazama, akakitazama cheti, akanirudishia bila kukisoma. Akasema, "Mayu, kidole chako kidogo kiko wapi?" Mayu ndivyo Wasukuma wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu, hata kama wanakaribia kumtukana. Nikamwonyesha kidole. Akanipa bomba lililokatwa kwa msumeno, akaniambia nikiingize ndani nikizungushe. Nikakizungusha, nikatoka damu. "Hivyo ndivyo waya utakavyochunika," akasema, akanirushia tupa ya kulainishia. Tangu siku hiyo sijawahi kukata bomba bila kulipitishia kidole hicho, na kina kovu mpaka leo.

Alikuwa na gogo la mti mgumu lenye tundu lililolainishwa kingo zake, na ndilo lililokuwa mashine yake. Alilirithi kwenye kinu kimoja cha zamani cha kuchambua pamba alikofanya kazi miaka mingi, kabla mashine hazijanyamaza. Bomba liliingia kwenye tundu, yeye akasukuma kidogo, akalisogeza upana wa kidole, akasukuma tena. Kona moja ilimchukua muda wa mtu kunywa chai na kuongea umbea. Wateja walikasirika. Mjini vijana walikunja mabomba ya plastiki kwa moto wa mifuko ya nailoni, dakika moja tu, kona inatoka imebonyea kama bati la debe kuukuu, na nyumba inawaka taa jioni hiyo hiyo. Mteja akimwambia hivyo, Fundi alijibu, "Basi mwite huyo wa nailoni." Na wengi walimwita.

Kila asubuhi, kabla ya kazi yenyewe, alikunja kipande cha bure. Alikipima kabla na baada ya kukunja ili ajue kona imekula kiasi gani, maana bomba likikunjwa haliishii pale ulipotarajia. Nilimwambia tayari tunajua inakula kiasi gani, jana ilikula hicho hicho. Akasema jana si leo, na mkono wa mtu aliyelala vibaya hausukumi kama wa mtu aliyelala vizuri. Niliona ni ushamba. Nilikuwa na umri wa kuona mambo mengi ni ushamba.

Namba hakuziamini. Alipima ukuta kwa fito. Aliisimamisha ukutani, akaitia alama kwa kisu mahali pa kona na mahali pa boksi ya swichi, kisha akailaza juu ya bomba na kukata. Namba, alisema, inatoka ukutani inaingia kichwani, na kichwani kuna mambo mengine. Ukimlazimisha alikutajia namba, lakini alikutajia kwa shingo upande.

Na tepu yangu aliichukia. Ilikuwa imekatika kichwa. Zile sentimita za mwanzo zilikwanyuka siku nyingi, kwa hiyo nilianzia kupima kwenye kumi. Ukitaka mita moja unasoma mia moja na kumi. Mafundi wengi wanatembea na tepu za namna hiyo, wanaijua hesabu yake, na kila mmoja wao, akisema ukweli, kuna siku ameisahau. "Itupe," aliniambia mara nyingi. Nikamwahidi nitanunua nyingine tukifika mjini. Mjini tulifika mara nyingi pia.

Mtu wa aina hii ungedhani nyumbani kwake kila kitu kimenyooka. Mlango wake ulikuwa umeegemea, meza ilitikisika, na mke wake alilalamika kwamba ana miaka kumi anaomba taa ya jikoni. Lakini kanisani alikaa upande wa swichi. Misa ikiendelea, yeye alikuwa anaikodolea macho swichi iliyopinda, na Jumatatu alikwenda na bisibisi akainyoosha bila kumwambia Padri. Padri alidhani ni katekista. Katekista alikubali sifa.

Na aligonga kuta. Ukimkaribisha ndani, kabla hajakaa, aligonga ukuta juu ya swichi kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Penye chuma panajibu namna moja, alisema, na pasipo na chuma panajibu nyingine. Kazi yoyote aliyoisimamia hakuitia saini mpaka amezunguka vyumba vyote akigonga. Nilimwona akiwavunjisha watu plasta mbichi kwa sababu ya mlio. Nilimwona mara moja tu akitia saini bila kugonga, na hiyo mara moja ndiyo iliyonifanya niandike.

Ilikuwa Mwandoya. Mfanyabiashara mmoja wa pamba alijenga nyumba ya kupangisha, vyumba vinane kwenye mstari mmoja, milango yote ikitazama uwanjani. Fundi alimshawishi kwamba pale mlangoni, juu ya swichi, ndipo wapangaji hupigilia misumari ya kalenda, funguo na mikoba, kwa hiyo bomba la kushukia kwenye swichi lazima liwe la chuma, msumari usipenye. Chuma kilipatikana kwenye mabaki ya kinu cha zamani, kikahesabiwa kikatosha vyumba vinane na si kimoja zaidi. Mabomba ya vyumba vinne tuliyakunja na kuyakata pamoja, yakasubiri kuwekwa ukutani. Ya vyumba vinne vilivyobaki Fundi aliyakunja jioni, kona nne safi, zikalazwa chini zikingoja kukatwa.

Alfajiri zikaja habari za msiba Maswa, dada yake. Akajiandaa kuondoka. Aliniachia fito, imesimamishwa chumba cha kwanza, na kwa kuwa nilimsumbua akanitajia na namba: kutoka mgongo wa kona mpaka kwenye boksi, sentimita mia moja na sitini. "Lakini tumia fito, mayu," akasema akiwa ameshapanda pikipiki.

Fito ilikuwa chumba cha kwanza na mimi nilikuwa chumba cha nane. Umbali wa kutupa jiwe. Nikachukua tepu, nikaanzia kwenye kumi kama kawaida yangu, nikasoma mia na sitini, nikatia alama. Nikaweka mabomba yote manne pamoja, nikakata. Nikayalainisha vizuri kwa tupa, nikayapitishia kidole. Yalikuwa laini kabisa, na yote manne yalikuwa mafupi kwa sentimita kumi.

Niliyaona mafupi nilipoyaweka kwenye mifereji ya ukutani pamoja na yale manne ya kwanza, lililokuja mkononi ndilo lililoingia. Kona ilikaa mahali pake juu, na chini, kati ya mwisho wa bomba na boksi ya swichi, palibaki pengo la upana wa kiganja. Vipande nilivyokata ningeweza kuviunga, lakini viungio vya chuma Mwandoya havikuwepo, ilikuwa mpaka Bariadi. Nikapitisha waya, nikasema nitamngoja Fundi nimweleze. Mchana wapiga plasta wakaingia. Msimamizi wa mwenye nyumba akauliza kama upande wangu uko tayari. Ningeweza kusema hapana. Lilikuwa neno moja, na watu sita walikuwa wamesimama na udongo wa saruji unaoanza kukauka, wananitazama mwanamke pekee pale, fundi asiye na Fundi wake. Nikasema uko tayari.

Fundi alirudi siku ya tatu, macho mekundu. Ukuta ulikuwa mweupe. Alianza kunyanyua mkono kugonga chumba cha kwanza, kisha akaushusha. "Vyote umevifanya wewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kama ni wewe, sina haja ya kugonga. Nimechoka." Akatia saini karatasi juu ya goti lake.

Nilisherehekea moyoni. Nasema ukweli. Nilifurahi kwamba ameniamini, na furaha ile na hofu yangu vikakaa pamoja bila kugombana.

Chumba cha saba alipanga mwalimu wa sekondari, dada mmoja mchangamfu aliyehamishiwa huko kutoka Iringa, wa rika langu. Siku moja ya likizo alideki chumba, na sakafu ikiwa bado na maji akataka kutundika kalenda mpya. Alisimama peku mlangoni, akaweka msumari kiganja kimoja juu ya swichi, akapiga. Jirani alisikia nyundo mara tatu. Walimkuta amelala, na kalenda iko kitandani bado imeviringishwa. Alikuwa amewaambia wanafunzi wake atawasaidia kushona mapazia ya darasa.

Wakaguzi walikuja na polisi, wakavunja plasta ya chumba hicho. Pengo likaonekana, na tundu kwenye waya pale msumari ulipopita. Sisi wawili tulikuwa tumeitwa, tumesimama, mimi nyuma yake hatua mbili, nimebeba mkoba wa vifaa. Ofisa akauliza kazi hii kaifanya nani. Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

"Mimi," Fundi akasema. "Saini ni yangu."

Mdomo wangu nikaufunga. Niliogopa jela, nikaogopa mama yangu asikie, nikaogopa na mambo madogo ya aibu, kama vile wanafunzi wenzangu wa chuo watasemaje. Fundi alikaa mahabusu, akatoka akiwa amekonda, akanyang'anywa leseni asiipate tena. Mjini wakasema mzee alikuwa anajidai bure na kumbe ni muuaji kama wale wa nailoni. Mwenye nyumba akatengeneza chumba cha saba, akakipaka rangi. Vyumba vitatu vingine vyenye pengo vikabaki na pengo lao, na nilivijua kwa namba zake. Nilijiambia labda amevitengeneza vyote. Nilijiambia hivyo kwa miaka saba.

Sikuacha kumtembelea. Nilipeleka sukari, nikapeleka sabuni, mke wake akanipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Fundi alikuwa sasa anakunja mabomba ya vitanda vya chuma kwa gogo lake lile lile uani, na vitanda vyake havikutikisika. Tuliongea mvua, pamba, bei ya ng'ombe mnadani. Kile kisa hakukigusa hata siku moja, na mimi nikakichukua kimya chake kuwa ni msamaha, nikaondoka nacho nyumbani kila mara. Nilipata leseni yangu. Nikafungua ofisi. Kitu kimoja tu nilikiona kimebadilika nacho kiliniuma bila kujua kwa nini: nikimwonyesha kazi yangu hakuniambia tena "pima tena", kama alivyozoea.

Na alianza kusafiri. Yeye asiyekwenda hata harusi ya jirani alipanda gari la Mwandoya kila baada ya miezi michache, akarudi jioni amechakaa kwa vumbi. Mke wake alidhani anakwenda kumwombea marehemu. Wengine walisema ana mwanamke. Yule mwenye nyumba alipokutana nami mjini alisema, "Mwambie Fundi wako aache kunisumbulia wapangaji. Anagonga kuta za watu. Siku moja watampiga." Nikacheka kidogo kwa adabu. Nilidhani amechanganyikiwa, na nilimwonea huruma, mimi.

Mwaka jana alipooza upande wa kulia. Alikaa kitandani miezi, kwenye kitanda alichokikunja mwenyewe, na watu walikuja wakakaa kidogo wakaondoka. Mimi nilichelewa kwenda. Nilikuwa na kazi Zagayu, nikasema nikimaliza. Mke wake akanipigia simu: "Anakuita wewe. Ameniambia nisimwite mwingine."

Nilifika saa nne asubuhi. Chumbani mlikuwa na mwanga wa dirisha tu. Niliona swichi mlangoni lakini haina waya. Mke wake alisema aliikata mwenyewe tangu alipotoka mahabusu, na wanatumia taa ndogo za jua.

"Mwangaluka, Fundi," nikamsalimu kwa Kisukuma, salamu ya asubuhi.

"Mwangaluka, mayu. Vuta huo mfuko chini ya kitanda."

Mdomo ulikuwa umekwenda upande, lakini maneno yalieleweka. Nikavuta mfuko wa sandarusi. Ulikuwa mzito na ukagonga sakafu kwa mlio wa chuma. Ndani mlikuwa na vipande vinane vya bomba, vile vya mwisho vinavyobaki baada ya kukata. Vinne vilikuwa na urefu mmoja. Vinne vingine navyo vilikuwa na urefu mmoja, lakini virefu zaidi, kwa upana wa kiganja. Nilivitambua kabla sijavipanga.

"Nilivikusanya pale uwanjani siku ileile walipovunja ukuta," akasema. "Kabla sijapanda gari la polisi. Niliwaambia nakwenda haja."

Nikakaa sakafuni. Nikaanza kulia, na nikaanza kusema yale niliyoyatayarisha kwa miaka saba: kwamba ni tepu, kwamba ni mimi, kwamba nilifungua mdomo siku ile. Akaninyanyulia mkono wa kushoto, ule uliobaki.

"Hayo nayajua. Ningetaka hayo ningekwambia siku nyingi. Nimekaa nangoja jambo moja, na wewe unaleta sukari." Akapumzika. "Mabomba mafupi ni manne. Moja walilifungua. Matatu yako ukutani na watu wanalala vyumbani humo. Mimi nikigonga pale sisikii tena vizuri, na mwenye nyumba haniruhusu kuingia. Namwambia avunje, anasema wapangaji watakimbia. Niliwaandikia wakaguzi, wakasema sina leseni. Basi nakwenda nawaambia wapangaji wasipigilie msumari mlangoni. Wote saba nawaambia. Wanahama, wanakuja wapya, nakwenda tena. Sasa siwezi kwenda."

Hakusema kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Vyumba gani, mayu?"

Miaka saba nilidhani siri yangu ni kwamba nina hatia. Hatia alikuwa ameshaibeba, haikumhusu tena. Alichokuwa anakihitaji kwangu ni namba tatu, na nilikuwa nazo wakati wote, sebuleni kwake, nikinywa chai yake.

"Cha pili," nikasema. "Cha tano. Na cha nane."

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Midomo yake ilikuwa inazirudia, yeye asiyeamini namba. Kisha akasema, "Cha pili kuna mama na watoto wawili. Aliingia baada ya mavuno. Yeye sijamwambia."

"Kesho asubuhi na mapema, Fundi. Nitampigia mwenye nyumba, nitawaandikia na wakaguzi kwa jina langu, nitawaeleza kila kitu."

"Leo."

"Nitakwenda leo."

"Kwa tepu ipi?"

Nikamwonyesha. Ilikuwa nzima, mpya, ina kichwa chake. Akaishika kwa mkono wa kushoto, akavuta kidogo, akaitazama ile sifuri ya mwanzo, akaiachia ikarudi. "Pima tena," akasema. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia, maana wiki ile ile alifariki, na mimi siku ya mazishi nilikuwa nimekaa mbele ya ofisa wa ukaguzi naandika maelezo.

Mwandoya nilifika saa tisa, nina viungio vya chuma, nyundo na patasi. Mwenye nyumba nilimpigia nikiwa njiani. Alitukana, kisha akauliza kama jina lake litatajwa, nikakata simu. Nikazima umeme kwenye mita na kubisha hodi chumba cha pili.

Alifungua mama kijana, mtoto mgongoni, mwingine ameshika kanga yake. Nyuma yake, kiganja kimoja juu ya swichi, niliona msumari. Ulikuwa umeingia nusu, umepinda. Kando yake plasta imemomonyoka.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu. "Huo msumari umeupiga lini?"

"Jana. Umegoma, nikasema baba yao akirudi leo aumalizie kwa nyundo kubwa." Akatazama patasi yangu. "Majirani wanasema kuna mzee huwa anakuja kukataza misumari hapa mlangoni. Eti hasemi kwa nini. Wewe unajua kwa nini?"

Nikaweka mkoba chini. Nikamwomba awatoe watoto nje, kisha nikamwambia.

"Kwa ajili yangu."